Msiyazike Mashairi Katika Picha



Kuna desturi imeingia katika ushairi wetu, nasi tumeizoea hadi tukaiita maendeleo. Mshairi hutunga, akahesabu mizani, akapatanisha vina, akakesha na neno moja hadi majogoo ya kwanza. Kukipambazuka humpelekea tungo kijana mwenye simu nzuri, na kijana huibandika juu ya picha ya ua jekundu, au ya msitu uliofunikwa na theluji ambao hakuna kati yao aliyepata kuukanyaga. Herufi hupakwa rangi ya dhahabu, zikapindwapindwa kama mzabibu. Bango hurushwa katika makundi na kurasa, na pongezi humiminika: "Hongera malenga, limependeza sana!" Limependeza nini? Bango. Shairi lenyewe wengi hawakulisoma, na baada ya mwezi mmoja hakuna atakayelipata tena, hata aliyelitunga.

Nasema wazi: shairi linalotolewa kama picha tu, bila maandishi yake, limezikwa likiwa hai. Maandishi matupu ndiyo yanayopaswa kutangulia. Picha, sauti, video na mengineyo yafuate, kila umbo mahali pake na kwa kazi yake. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitawajibu wale wanaoona kwamba napigania jambo dogo.

Naandika kutoka Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Nalitaja hilo kwa makusudi. Mtu aliye katikati ya Dar es Salaam, mwenye intaneti isiyokatika, anaweza asiyaone ninayoyaona mimi. Huku mtandao hushika na kuachia. Ukiteremka upande wa magharibi kuelekea Kasanga au Wampembe kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, au upande wa mashariki kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kuna mahali ambapo msomaji hupanda kilima na simu mkononi ili apate ujumbe. Tuanze basi na msomaji huyo.

Uzito wa ua jekundu

Herufi moja ya Kiswahili, ikihifadhiwa kama maandishi, huchukua baiti moja tu. Lugha yetu haina alama ngumu juu wala chini ya herufi. Ubeti wa tarbia wenye mizani kumi na sita kwa kila mshororo huwa na herufi kama 170, pamoja na nafasi na vituo. Shairi la beti kumi halifiki kilobaiti mbili. Bango moja la rangi, la kawaida kabisa, hufika kilobaiti 200 bila taabu. Fanyeni hesabu wenyewe: uzito wa bango hilo ungebeba zaidi ya beti elfu moja za tarbia.

Au chukueni mfano mkubwa zaidi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa na Mwengo wa Athumani kule Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Ukiuandika wote kwa herufi za Kilatini, tangu dua ya mwanzo hadi tamati, utendi mzima utakuwa mwepesi kuliko bango moja lenye ubeti mmoja na ua jekundu. Kazi nzima ya gwiji wa karne ya 18 ingemfikia msomaji wa Wampembe kabla ua letu halijamaliza kufunguka. Na bando analinunua kwa fedha ya dagaa na mahindi. Kwa haki gani tunamtoza gharama ya ua ili asome mishororo minne?

Asiyeona anaambiwa "picha"

Ninaye rafiki, mtunzi mzuri, ambaye haoni. Simu yake ina programu ya kusoma skrini: humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Anasoma magazeti, anasoma barua, anasahihisha mizani ya wengine kwa ukali ambao wengi wetu tunauogopa. Lakini tunapotuma mabango, programu yake husema neno moja tu: picha. Likija jingine: picha. Tumejaza mlango wake mashairi ishirini kwa siku, naye hupokea neno "picha" mara ishirini.

Jambo hili linanikera kuliko yote. Ushairi wa Kiswahili umeishi kwa sikio tangu kabla ya karatasi. Vina ni vya sikio. Mizani ni ya sikio. Ikiwa kuna sanaa ambayo asiyeona alikuwa raia kamili ndani yake, ndiyo hii. Sisi, kwa kutaka kupamba, tumemfukuza katika nyumba iliyokuwa yake. Na dawa yake ni rahisi mno: bandika maandishi ya shairi chini ya bango, au yaweke kwenye maelezo ya picha. Ni kazi ya dakika moja.

Aliyekufa hatunakili upya

Alifariki malenga mmoja wa huku kwetu, mzee ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa familia haijanipa ruhusa ya kulitaja. Jamaa zake waliniomba nisaidie kukusanya tungo zake ziwe diwani. Kazi ilikuwa na mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la madaftari ya shule, mwandiko wa kalamu ya wino, yenye tungo alizowahi kupeleka magazetini. Madaftari yalikuwa yameliwa pembeni na mchwa, lakini yalisomeka. Fungu la pili lilikuwa la tungo alizotuma kama ujumbe wa maandishi katika makundi. Hizo tulizipata kwa kuandika neno moja tu katika sehemu ya kutafutia, zikajipanga zenyewe kwa tarehe, mpaka na majibu ya waliomjibu.

Fungu la tatu lilikuwa la miaka yake ya mwisho, alipopata mtu wa kumtengenezea mabango. Hapo ndipo tulipolia mara ya pili. Picha zilikuwa zimetumwa na kutumwa tena hadi zikafifia, na herufi za dhahabu zilikuwa zimeyeyuka ndani ya machweo. Nyingine aliziweka kwenye hali ya WhatsApp, ambayo hufutika baada ya saa 24, na simu yenyewe ilikuwa imekwisha kuharibika. "Mwalimu," mjukuu wake aliniambia, "Babu alizipenda hizi kuliko zote." Za daftari tumezipata. Za bango, nyingi tumezipata nusu nusu: ubeti wa pili upo, wa tatu hausomeki, kibwagizo kimefunikwa na petali.

Mchwa wamemtendea mzee yule wema kuliko simu.

Asiniambie mtu kwamba zipo programu za kusoma herufi ndani ya picha. Zipo, nami nimezijaribu. Husoma vizuri herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Mpe mashine mwandiko wa kupindapinda juu ya mawimbi ya bahari, naye atakupa maneno ambayo si Kiswahili wala si lugha yoyote ya binadamu. Kwa kompyuta, bango ni nukta za rangi tu. Haioni "shairi", haioni "Ufipa", haioni jina la mtunzi. Wanaotunga kamusi leo hukusanya ushahidi wa matumizi ya maneno kutoka katika maandishi ya mtandaoni, na mashine zinazofundishwa Kiswahili hufundishwa kwa maandishi hayohayo. Neno adimu ulilolifufua, msamiati wa wakulima wa ulezi, nahau ya wavuvi wa Kirando, vyote vikiwa ndani ya bango havitahesabiwa. Kisha tunalalamika kwamba kamusi na mashine hazitujui. Zitatujuaje?

Somo la wafua chuma

Wazee wa Ufipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na mabaki ya matanuri yao bado yamesimama hapa na pale juu ya uwanda. Chuma hakikutoka ardhini kikawa jembe kwa pigo moja. Kwanza mawe ya chuma yaliyeyushwa katika tanuri refu la udongo, refu kupita mtu, lililoitwa ilungu. Kisha kilichopatikana kikasafishwa tena katika kitanuri kidogo, kintengwe. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipokipokea, akafua jembe, shoka au mkuki, kwa kadiri ya haja.

Katika uchapishaji wa tungo, maandishi ni kile chuma kilichosafishwa. Ukiwa nacho unaweza kufua chochote: bango la sherehe, sauti ya kughanwa, video ya jukwaani, kitabu, hata ukurasa wa breli. Bango ni jembe lililokwisha kufuliwa. Linalima, silikatai. Lakini mwenye kugawa majembe na kutupa chuma chote hana ghala. Siku jembe likivunjika, atarudi kuchimba mawe upya, na pengine aliyejua mahali yalipo mawe hayupo tena.

Historia yetu inashuhudia hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga kwa ajili ya masikio ya watu wa mji wake. Tungo zake zilikaa vinywani. Tunazisoma leo kwa sababu miaka mingi baada ya kufa kwake Mwalimu Sikujua aliziandika, William Taylor akazihifadhi, na William Hichens akazitoa kama diwani mwaka 1940. Kama zingebaki kinywani tu, karne moja ingetosha kuzifuta. Maandishi ndiyo yaliyozivusha.

Maumbo tuliyopewa, umbo tulilolichagua

Wala si kwamba tumenyimwa nafasi. Tumblr, ilipoanza mwaka 2007, ilimtaka mwandishi achague umbo kabla ya kuandika: je, hili ni andiko, picha, nukuu, kiungo, mazungumzo au video? Mwaka 2011 WordPress, katika toleo lake la 3.1, ikafungua mlango kama huo kwa maumbo tisa zaidi ya andiko la kawaida. Waliobuni utaratibu huo walielewa jambo ambalo malenga wetu walilijua zamani: kila maudhui huomba chombo chake. Mtu hapeleki uji kwa ungo. Sisi tulipewa vyombo vyote hivyo, na kwa kila kitu tukachagua kimoja tu, picha.

Hebu tuvipitie vyombo vyenyewe, tuone jinsi vinavyolingana na urithi wetu.

Yapo *mazungumzo*, umbo linaloonyesha jina la msemaji na maneno yake, zamu kwa zamu. Je, hilo si ngonjera? Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 1969, alilikuza umbo la mashairi ya kujibizana, na kupitia UKUTA ngonjera zikaingia katika vitabu na shuleni, watoto wakasimama wawili wawili wakihojiana kwa vina. Hilo lilikuwa umbo jipya la kutolea ushairi, na lilitoka bara, tena mbali na pwani. Leo jukwaa la mtandaoni linatupa chombo kilichokatwa kwa kipimo cha ngonjera, nasi tunazisonga ngonjera zetu katika bango moja, mwanafunzi na mwalimu wamebanana kama abiria wa basi la mnada, msomaji asijue nani anasema.

Ipo *sauti*. Hapa nawaunga mkono wapenzi wa mahadhi kwa mikono miwili. Shairi lililoghanwa likaachwa bila kurekodiwa limepoteza nusu ya uhai wake, na karatasi haiwezi kuturudishia pumzi ya mtunzi. Kwa Ufipa, sauti ni deni kubwa zaidi. Masimulizi ya Milansi, ya wale wanawake watatu wageni waliofika wakati mtawala yuko mawindoni wakakalia kiti chake, yameishi kwa kinywa vizazi kwa vizazi. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis, alikuja huku miaka ya 1960, akasikiliza, na mwaka 1978 kikatoka Oxford kitabu chake juu ya sanaa simulizi ya Wafipa, There Was a Certain Man. Namshukuru. Lakini ni kitabu cha Kiingereza, na sijapata kukiona katika duka lolote la Sumbawanga. Leo kila kijana wa Laela na Namanyere ana kinasa sauti mfukoni mwake. Amnase bibi yake kwa Kifipa, kisha aandike chini kwa Kifipa na kwa Kiswahili kilichosemwa. Akimgeuza bibi kuwa nukuu ya maneno saba juu ya picha ya jua, amemnyang'anya kauli.

Ila sauti iwe sauti. Siku hizi mtu hurekodi shairi la dakika tatu, akalitia katika video yenye picha moja isiyosogea, ili tu lipate pa kupandishwa. Mzigo unakuwa mkubwa mara kadhaa bila faida ya hata nukta moja. *Video* ina kazi yake, nayo ni pale mwili unaposema: jukwaa, mavazi, ngoma, ishara ya mkono, uso wa mghani anapofika kwenye kibwagizo. Kama hakuna mwili wa kuangaliwa, tuma sauti.

Ipo *nukuu*. Hii ni kali kama wembe. Mshororo mmoja ukikatwa kutoka katika tarbia, mara nyingi hugeuka maana, kwa kuwa mshororo wa kwanza wa ubeti huuliza na wa mwisho hujibu. Mwenye kunukuu na ataje mtunzi, ataje tungo, na aelekeze mahali tungo nzima ilipo. Kinyume chake tunaona misemo yatima inayoelea, imebandikwa jina la Shaaban Robert kwa sababu ndilo jina pekee alilolikumbuka mbandikaji. Sheikh Shaaban ameandika mengi mazuri, hahitaji kuongezewa.

Na ipo *picha*, ambayo nayo ina heshima yake. Daftari la mzee lililoandikwa kwa mkono, hati ya kale ya utenzi kwa herufi za Kiarabu, barua yenye muhuri, vyote hivi huomba picha. Mwandiko wenyewe ni ushahidi, na picha ndiyo inayoubeba. Hati zilizokusanywa na J. W. T. Allen kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina thamani hata katika jinsi mnakili alivyotenga vipande kwa alama. Hapo piga picha, piga nyingi, zipange kwa mfuatano. Kisha unukuu yaliyomo kwa herufi za kutafutika, ili asiyejua kusoma hati za Kiarabu naye apate.

Majibu kwa wapinzani

Wa kwanza husema: "Naweka katika picha ili nisiibiwe." Ndugu yangu, mwizi wa bango hahitaji hata kuandika. Hukata ukingo wa chini wenye jina lako, akatuma. Nani atakayejua? Maandishi yaliyotoka mapema, yenye tarehe, mahali panapofahamika, ndiyo shahidi wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi yako tangu ulipoitunga, na kazi yako ni kuthibitisha ulitunga lini. Tena wahenga wetu walikuwa na muhuri bora kuliko rangi yoyote: walitaja majina yao ndani ya ubeti wa mwisho, ndani ya mizani, ndani ya vina. Anayetaka kuliondoa jina lazima abomoe ubeti, na ubeti uliobomolewa hupiga kelele. Rudisheni ubeti wa tamati, muache kutegemea dhahabu.

Wa pili husema: "Watu hawasomi maandishi matupu. Bila picha hawageuki." Wasomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, walisoma mashairi yasiyo na ua wala machweo, na waliyasubiri. Walivutwa na hoja, na fumbo, na hamu ya kujua nani atamjibu nani. Kama tungo yako haigeuzi shingo ya mtu bila ua jekundu, tafadhali rudi kwenye tungo. Na kama ni lazima uvute jicho, basi weka picha juu na maandishi chini. Simkatazi mtu mapambo. Namkataza kumfungia mgeni mlango kwa pambo.

Wa tatu ana hoja nzito, nami naiheshimu. Ni mtunzi wa ushairi huru, wa kizazi kilichomfuata Kezilahabi na Kichomi chake cha mwaka 1974. Husema kwamba kwake nafasi tupu, mshuko wa mistari na umbo la kurasa ni sehemu ya maana, na kwamba majukwaa huvuruga nafasi hizo, hivyo picha tu ndiyo humlinda. Namkubalia. Pale umbo linaloonekana ndilo tungo yenyewe, picha ni halali yake. Namwomba aandike maneno yake pia katika maelezo ya picha, ili asiyeona na mtafutaji wapate walau mwili wa shairi. Lakini nawauliza wenzangu wa mapokeo, ambao ndio wengi katika kosa hili: nyinyi mna udhuru gani? Arudhi aliyotufafanulia Amri Abedi mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi haihitaji ua. Inahitaji vipande viwili, vina viwili, na kituo.

Mstari na skrini nyembamba

Nimesikia pia dai moja la kiufundi: kwamba skrini ya simu ni nyembamba, mshororo wa mizani kumi na sita hukatika ovyo, kwa hiyo afadhali bango. Tazama. Huu ni ubeti wangu mwenyewe, kama unavyoweza kutokea katika simu ndogo:

Upepo wa Sumbawanga, hupenya hadi
mwilini,
Ukivuma kwenye anga, huyumba ngano
shambani,
Shairi nimelitunga, si la kufungwa
pichani,
Lisomwe tangu Kasanga, likafike hadi
pwani.

Ni kweli, ubeti umelemaa. Kina cha mwisho kimeachwa peke yake kama mtoto aliyesahauliwa kituoni. Lakini tiba imo ndani ya ushairi wenyewe. Mshororo wetu una kiungo katikati, pale kwenye kina cha kati. Mvunje hapo:

Upepo wa Sumbawanga,
hupenya hadi mwilini,
Ukivuma kwenye anga,
huyumba ngano shambani,
Shairi nimelitunga,
si la kufungwa pichani,
Lisomwe tangu Kasanga,
likafike hadi pwani.

Ukwapi huanza kwa herufi kubwa, utao kwa herufi ndogo. Msomaji anajua mara moja kwamba hii ni mishororo minne, si minane, na hataidhania utenzi. Vina vya kati vimesimama wima upande wao, vya mwisho wima upande wao, naye mghani hupumua panapostahili. Simu nyembamba imetukumbusha mahali shairi linapofunguka. Wanakili wa hati za kale nao walipanga vipande kwa kadiri ya upana wa karatasi, wakavitenga kwa alama, na hakuna aliyedai kwamba utenzi umevunjwa.

Jambo jingine dogo, ila la maana kwa wanaopenda lugha: andikeni ng'ombe, ng'ambo na ang'avu kwa alama moja ileile kila mara. Simu nyingine huweka kiritifaa kilichonyooka, nyingine kilichopinda, na mtafutaji wa hiki anaweza asikipate kile. Chagueni kimoja katika tungo zenu zote. Hayo ndiyo mapambo ambayo mjukuu atayashukuru.

Ninachodai

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, mabango hufurika. Najua yatafurika tena, na mengi yatakuwa na tungo nzuri zilizofungwa ndani yake kama kuku ndani ya tenga. Kabla ya siku hiyo, nawadai malenga wenzangu mambo manne, nami siyaoni kuwa mazito.

Kwanza, hakuna tungo itakayotoka bila maandishi yake matupu, yenye jina la mtunzi, mahali na tarehe. Pili, mwenye kikundi au ukurasa wa ushairi alikatae bango lisilo na maandishi, kwa upole lakini bila kuona haya, kama mhariri anavyorudisha tungo yenye guni. Tatu, kila mwenye mabango yake ya zamani aketi jioni moja kwa wiki ayanukuu, angali hai, angali anakumbuka ubeti ulivyokuwa. Nne, anayejua kughani arekodi sauti yake na kuiweka kando ya maandishi, si mahali pa maandishi.

Yule rafiki yangu asiyeona amenituma niwafikishie salamu. Anasema amesikia kwamba mnatunga siku hizi, na angependa kuwakosoa mizani, mkimpa nafasi.

Nawasilisha. Mwenye hoja kinyume na aijibu, kwa nathari au kwa vina, tutampokea. Sharti langu ni moja: asinijibu kwa bango.